Nikodi gari wiki nzima Mtwara, au bajaji zinatosha?

*Swali:* Mdogo wangu wa kiume anaoa Mtwara mwezi wa kumi na moja. Natoka Mwanza kwa ndege kupitia Dar, na mama yangu wa miaka 71 ambaye magoti yanamsumbua, pamoja na wanangu wawili, miaka 9 na 6. Tutafikia Shangani kwa siku saba, harusi iko Chikongola. Mbali na harusi tuna siku moja ya kwenda Newala kwa wazee wa bibi harusi, nina shangazi Lindi, na watoto nimeshawaahidi bahari ya Msimbati na majengo ya zamani ya Mikindani. Nimepata mtu wa gari dogo, wiki nzima nijiendeshe, anasema nikichukua siku zote saba atanipunguzia. Wifi mtarajiwa anasema Mtwara mji mdogo, bajaji zinatosha. Mume wangu anasema nikodi Dar nishuke nalo. Mwanza naendesha kila siku. Nifanye lipi?

*Jibu:* Shemeji, karibu kusini. Nakuita shemeji kwa sababu huku kwetu anayeoa binti mmoja ameoa mtaa mzima. Nimebeba wageni na kukodisha magari hapa Mtwara miaka kumi na minne, minane ya mwanzo nikiwa dereva kwenye gari la mtu. Swali kama lako naulizwa sana, ila wengi huniuliza wakiwa wameshatoa kishika uchumba. Wewe umeuliza mapema.

Usichukue gari la wiki. Kodi gari kwa siku tatu tu, pamoja na dereva, kwa zile safari zinazokutoa mjini: Newala, Msimbati na Lindi. Siku nne zilizobaki shika bajaji moja, dereva mmoja, namba yake iwe kwenye simu yako na yako kwenye yake. Wifi yako yuko sahihi kuhusu mji. Kuhusu Newala hayuko sahihi, na nadhani hilo hakulifikiria.

La Dar tulimalize haraka. Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Lami ipo, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe 2003 hakuna tena kulala Rufiji kusubiri kivuko. Lakini hiyo ni siku nzima ya kushuka na siku nzima ya kupanda, gari unalilipia siku zote mbili, na mama wa miaka 71 amekaa mkao mmoja tangu asubuhi. Halafu ile barabara ina historia yake na mvua. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, ilikatika maeneo ya Somanga na kusini tukabaki kama kisiwa. Mumeo mwambie nimemsikia, ila ndege umeshakata, panda ndege.

Sasa mji wenyewe. Mtwara ukiitazama kwenye ramani inadanganya. Barabara pana, mizunguko mikubwa, viwanja vimeachana. Ni kwa sababu Waingereza waliupima mji huu mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za ule mpango wa karanga, wakitarajia bandari kubwa na reli ya kushusha karanga kutoka Nachingwea. Karanga zikagoma, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mji ukabaki umekatiwa nguo kubwa kuliko mwili. Ndiyo maana kutoka Shangani hadi sokoni kwa mguu, jua la Novemba likiwa utosini, ni adhabu, hasa kwa mwenye magoti mabovu. Lakini kwa chombo ni dakika chache tu. Foleni ya kukusimamisha hakuna. Hospitali ya Ligula, soko kuu, Chikongola, feri kununua samaki, vyote viko kwenye mzunguko ambao bajaji inaumaliza bila kuzima injini.

Kwa mama yako, bajaji ni rahisi kuliko gari kubwa. Watu hawaliamini hili mpaka waone. Land Cruiser ina kipandio kirefu. Mtu mwenye magoti mabovu anashika mlango, anashika kiti, anainua mguu mmoja, wa pili unakataa, na dereva anabaki hajui amshike wapi mama wa watu. Bajaji sakafu yake iko chini na ubavu uko wazi: anageuka, anakaa, anaingiza miguu. Siku za gari kubwa mwambie dereva abebe kigoda, kile kile cha jikoni. Mimi changu kimekaa nyuma ya gari miaka sasa, na nimesifiwa kwa kigoda hicho kuliko kwa gari lenyewe.

Bajaji kisheria ni abiria watatu. Ninyi ni wanne, wawili wakiwa watoto, na hapa mjini mtabebwa bila neno. Ila siku ya kutoka uwanja wa ndege na masanduku, na usiku wa harusi, chukueni mbili, au teksi. Msijibane na nguo za sherehe.

Tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo yule mtu wako anapokuchezea kidogo, ingawa hajakudanganya. Namba nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka zako utakazopewa. Tuseme gari ni shilingi 120,000 kwa siku, dereva ni 40,000 kwa siku, na bajaji ya kuwa nawe kutwa nzima mjini ni 30,000. Mafuta tuyaache pembeni, kwa kuwa ya Newala utayanunua tu, uendeshe wewe au aendeshe mwingine.

Gari la siku saba unajiendesha: 840,000. Gari siku tatu na dereva wake: 480,000, ongeza bajaji siku nne 120,000, jumla 600,000. Umebaki na 240,000 mkononi, hizo ni kanga za zawadi na chenji. Sasa tuseme kweli amekupunguzia, amekushushia hadi 100,000 kwa siku. Wiki inakuwa 700,000, bado siku zako tatu ni nafuu kwa laki nzima. Ungekuwa na safari nne za nje ya mji, hesabu ingegeuka: siku nne za gari na dereva ni 640,000, bajaji siku tatu ni 90,000, jumla 730,000, na hapo gari la wiki lenye punguzo lingekushinda. Kwa hiyo usihesabu siku utakazokaa Mtwara. Hesabu siku utakazotoka Mtwara. Kwako ni tatu. Gari la wiki lingelala uani Shangani siku nne likilipiwa, na wewe ukilichungulia dirishani usiku kuangalia kama taa zipo.

Mikindani siihesabu kama safari. Ni kama kilomita 10 tu kwenye barabara ya Lindi, na daladala zinakwenda kutwa nzima. Bajaji yako pia itafika, mkipatana bei kabla ya kuondoka. Waonyeshe watoto Boma la Kale, jengo la Wajerumani la 1895, halafu mshuke taratibu kwenye vichochoro vya mji. Ni mahali pa kutembea kwa mguu, gari utaliegesha tu. Waambie kwamba Livingstone alianzia huko Mikindani safari yake ya mwisho ya bara, 1866, bila kukodi chochote chenye magurudumu. Mama mtafutie kibaraza chenye kivuli, ataongea na wenye nyumba mpaka mrudi.

Watoto wakidai bahari siku ambayo huna gari, wapeleke Msangamkuu kwa kivuko. Mnapanda, mnavuka, mnaoga, mnarudi. Kwa mtoto wa miaka 6 kivuko chenyewe ndicho sherehe.

Lindi ni kama kilomita 105, lami, unapita Mnazi Mmoja ambapo njia ya Masasi inaachana. Kati ya safari zako tatu, hii peke yake ungeweza kuifanya kwa basi dogo, na ungekuwa peke yako ningekwambia panda Coaster uokoe fedha. Kwa mama, hapana: Coaster inasimama kila kijiji na kiti cha mbele hakipatikani mpaka ugombane. Gari dogo linatosha kabisa. Toyota IST inayotunzwa vizuri inakwenda kama kilomita 13 kwa lita. Kwenda na kurudi na kuzungukazunguka kwa shangazi ni kama kilomita 240, yaani lita 18 au 19. Bei ya lita usiikubali kwa mdomo wa mtu. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia bei za mafuta, inatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara yana orodha yake. Itazame kwenye simu kabla hujapanga bajeti. Na shangazi akikwambia mpitilize mpaka Kilwa mkaone magofu, mwambie mwaka mwingine. Ukienda Kilwa kutoka Mtwara ukarudi siku hiyo hiyo, utakachokiona ni lami.

Msimbati ndipo nilipojifunza kazi hii kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kukodisha gari langu mwenyewe nilimpa mgeni IST akaipeleke familia yake huko. Aliniuliza, "Itafika?" Nikasema itafika, kwa kuwa mwezi uliopita ilifika. Sikusema ilifika mpaka wapi. Njia inakwenda vizuri hadi Madimba, kule kwenye mitambo ya gesi, na kijijini inafika. Taabu ni mita mia chache za mwisho, unapouona mchanga mweupe na dereva anajiambia asogee kidogo tu apate kivuli cha minazi. Saa tisa alasiri simu ikalia. Nikaenda na pikipiki ya kuazima. Nilikuta gari limelalia tumbo, matairi ya mbele yamejichimbia mpaka kwenye rimu, kwa sababu alikuwa akikanyaga mafuta kila linapokwama, na IST inavuta kwa mbele. Maji yalikuwa yamekupwa alipofika. Sasa yalikuwa yanajaa. Bibi wa familia amekaa kiti cha nyuma, kitenge kichwani, amekataa kushuka, anasema ameletwa na gari na ataondoka na gari.

Tulichofanya ndicho nitakachokwambia ufanye ukikwama: acha kukanyaga mafuta. Tulipunguza upepo wa matairi yote manne mpaka yakabonyea, tukachimbua mchanga mbele ya kila tairi kwa mikono na sahani ya wali, tukatandika makuti makavu, bibi akabembelezwa akashuka, vijana wanane wakasukuma. Likatoka mara ya tatu. Vijana wakataka chao, na walistahili. Ila tulisahau kwamba pampu ya kurudishia upepo hatukuwa nayo, tukatambaa mpaka kwa fundi pancha tukiwa na matairi laini. Tangu hapo gari dogo langu haliendi Msimbati. Kwako: chukua gari lililoinuka, linalovuta magurudumu yote manne, na hata hilo liachwe pale ardhi ilipo ngumu, watoto watembee. Kule ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, kuna kiingilio cha hifadhi, kinalipwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Muulize dereva mapema kama bei aliyokupa inajumuisha hicho. Kwa kawaida haijumuishi.

Newala ndiyo safari yenye uzito, na ndiyo sababu kubwa ya kukwambia uchukue dereva. Kupitia Nanyamba na Tandahimba ni kama kilomita 140 kwenda tu. Kilomita 50 za kwanza, mpaka Mnivata, ni lami. Mbele ya hapo barabara imekuwa ikijengwa kwa vipande, na sehemu iliyo kwenye ujenzi haina hali moja: leo kuna mchepuko, kesho mchepuko umehamishwa, keshokutwa mvua imenyesha na udongo mwekundu umekuwa sabuni. Wewe unaendesha Mwanza, milima na mawe unavijua, sikudharau. Ila barabara ya aina hii humfaa aliyepita juma lile lile. Dereva wa Newala anajua kilima gani lori la korosho hukwama, na akilikuta limekwama anajua njia ya shambani ya kulizunguka.

Korosho ndiyo jambo jingine ambalo mwenye gari hakukwambia. Novemba ni katikati ya msimu. Minada inaendelea, malori yanashuka bandarini, wanunuzi na watu wa vyama vya ushirika wanakodi magari yote yaliyoinuka, kwa wiki na kwa mwezi. Gari la Newala na Msimbati usilisubiri ufike ndipo ulitafute. Gari dogo la Lindi utalipata hata jana yake. Kwa hiyo siku mbili za gari kubwa zifuatane, Newala kwanza, Msimbati kesho yake ili mama apumzike ufukweni, nawe utakuwa na nguvu ya kupatana bei. Na uzipange kabla ya harusi, si baada yake. Baada ya harusi kila mwenye gari amechoka, na nawe umechoka.

Kuhusu ukubwa, hesabu viti vya kwenda halafu hesabu viti vya kurudi. Mtaondoka wanne na dereva. Ninavyowajua wazee wa Newala, mtarudi na shangazi mmoja wa bibi harusi, kijana wa kubeba mizigo, kuku wawili waliofungwa miguu, na gunia la muhogo au ming'oko, vile viazi vya porini. Huwezi kukataa, ni ugeni wenu wa kwanza. Mwambie mwenye gari tangu mwanzo kwamba kurudi kutakuwa na watu. Gari likijazwa kupita viti vyake, faini ya trafiki itakuja na ubishi wa nani ailipe, mbele ya wakwe.

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, nayo yana lake. Msimu huo watoto watapewa njiani, ni matamu na yana maji mengi. Utomvu wa bibo ukigusa kitambaa cha kiti hautoki kwa sabuni wala kwa dua. Nimewahi kulipisha mtu kusafishiwa viti vyote na doa likabaki. Bibo liliwe nje ya gari, na nguo za harusi zisiwe karibu.

Sasa lile gari lenyewe. Kabla hujatuma hata shilingi, mwambie mwenye gari akutumie picha ya mbele inayoonyesha namba. Namba nyeupe ni gari la biashara. Namba ya njano ni gari la mtu binafsi. Mengi utakayopewa Mtwara kwa njia ya "nina jamaa ana gari" ni ya njano. Linatembea sawasawa tu, lakini limekatiwa bima ya matumizi binafsi, na likigongwa huku limekodishwa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Hapo dhamana yako ndiyo inageuka bima. Uliza pia kama ni bima ndogo au kubwa. Bima ndogo inamlipa utakayemgonga, gari lenyewe na dhamana yako mnajitegemea. Kama ni kubwa, uliza ukipata ajali wewe utachangia kiasi gani kabla bima haijaanza kulipa. Mtu akikujibu "usijali, kila kitu kipo", hajajibu.

Faini za barabarani hapa nchini zinafuata namba ya gari, na deni linaonekana kwenye mfumo wa polisi mtandaoni ukiingiza hiyo namba. Litazame asubuhi ya kuchukua gari, piga picha ya skrini. Litazame tena siku ya kulirudisha. Nimeona mgeni akidaiwa faini tatu za wiki iliyopita, na hakuwa na cha kuonyesha kwamba wakati huo alikuwa bado kwao.

Dereva ni sehemu ambayo watu huiharakisha, nami ningekuomba uikawize. Gari zuri lenye dereva mbaya ni siku mbaya. Gari la kawaida lenye dereva mtulivu utamkumbuka kila mwaka. Uliza leseni yake ina daraja C, ndilo la kubeba abiria kibiashara. Mwenye D peke yake ni wa gari binafsi. Mpigie simu mwenyewe, usiongee na mwenye gari tu. Muulize, "Newala umekwenda lini mara ya mwisho?" Akikutajia mahali pa kuchepukia na kijiji cha kula chakula cha mchana, huyo amekwenda. Akisema "Newala naijua vizuri sana," endelea kuuliza.

Yaandikeni kwenye ujumbe wa simu, hata mistari mitano: mafuta ni ya nani, gari linatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, chakula cha dereva ni cha nani, pancha ni ya nani, faini ya mwendo ni ya nani. Desturi ya hapa: mafuta ni yako, pancha ni ya gari, faini ya mwendo ni ya dereva kwa kuwa mguu ni wake, chakula unamlisha mnapokula ninyi. Ikilazimu kulala Newala, malazi yake ni juu yako. Mkiangukia Ijumaa, jua kwamba saa saba mchana atasimama msikitini, na wengi wa madereva wetu ni hivyo. Panga msimamo wenu wa chakula hapo hapo na hakuna atakayechelewa.

Asubuhi ya kulipokea gari, usianze na rangi. Anza na buti. Inua zulia, tazama kama stepni ipo, halafu ibonyeze kwa kidole gumba, maana stepni isiyo na upepo ni mapambo. Tafuta jeki, halafu tafuta mkono wa jeki, ambao ndio hupotea. Spana ya magurudumu ijaribu kwenye nati moja uone inashika. Vibao viwili vya pembetatu, mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na tarehe. Washa waipa, Novemba mvua za kwanza zinaweza kukukuta. Vuta kila mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho. Kwenye magari ya huku mikanda ya nyuma mara nyingi imezamishwa chini ya viti na haijatoka tangu gari lishuke melini. Watoto wako wanaihitaji kuliko wewe. Baada ya hapo zunguka gari na simu ukirekodi video, pole pole, bampa zote mbili, kona kwa kona, malizia na dashibodi ikionyesha mafuta na kilomita. Itume kwa mwenye gari hapo hapo akiwa amesimama. Hakuna atakayechukia isipokuwa mwenye sababu.

Kama baada ya yote haya bado unataka kujiendesha, basi iwe siku ya Lindi tu, na uwe umerudi kabla ya giza. Kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kibao kuna trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo chini ya mkorosho. Kosa moja ni shilingi 30,000. Usipunguze mwendo unapomwona trafiki, punguza unapokiona kibao, na usirudishe mwendo mpaka uone kibao cha kuondoa. Ukikuta matawi ya majani yametupwa barabarani, kuna lori limeharibika mbele, pengine baada ya kona, pengine bila taa. Hiyo ndiyo pembetatu yetu. Jioni kuna baiskeli zisizo na taa zimebeba kuni upana wa mita mbili, na mbuzi wanaopenda lami kwa kuwa ina joto. Hapo ndipo hata mimi huacha kuongea na kuzima redio.

Ukiniuliza ningeanza wapi leo, ningempigia yule mtu wa gari la wiki. Usimkatie, huenda ni mtu mwema. Mwambie unataka gari lake dogo siku moja tu ya Lindi, kwa bei ya siku moja, na umuulize kama ana jirani mwenye gari lililoinuka na dereva kwa siku mbili mfululizo. Atanung'unika, halafu atampata. Sisi wenye magari Mtwara tunajuana wote.

Na bajaji: ukifika uwanja wa ndege usimshike wa kwanza anayekukimbilia. Mwombe wifi akutafutie mmoja wa Chikongola, jirani yao. Siku ya kuondoka huyo huyo ndiye atakayekuja alfajiri na mwenzake, mmoja abebe ninyi, mwingine abebe masanduku na korosho.